Saa ya Macho Matatu

Watu wa mtaani kwangu hapa Sumbawanga wanasema nakusanya saa. Wanalisema hilo kwa upole ule ambao watu humwekea mtu aliyeanza kupungukiwa akili lakini bado anawashonea watoto wao sare za shule vizuri. Sibishani nao. Mwanamke wa umri wangu akionekana amepanda bodaboda hadi Pito, kwa sababu tu amesikia kuna mzee ana saa ya zamani yenye vitufe ubavuni, watu wana haki ya kusema. Hata mimi ningesema.

Lakini sijawahi kukusanya kitu. Nilikuwa natafuta saa moja, na kila niliyoipata haikuwa hiyo. Hizo zisizo yenyewe ndizo zimejaa kwenye droo ya cherehani yangu, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha kaki au cha bluu kilichobaki kwenye sare. Zote ni za ukoo mmoja: saa za mkono za kizamani, za kutia ufunguo, zenye vitufe viwili pembeni na visaa vidogo vidogo ndani ya uso wake. Ukibonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu unaondoka mbio kuhesabu sekunde. Ukibonyeza tena unasimama, na ukibonyeza cha chini unarudi ulikotoka. Huku kwetu huziita saa za macho matatu, hata zile zenye macho mawili.

Wageni huuliza saa kama hizo zilifikaje Ufipa, mahali ambapo mpaka leo mtu akikuahidi kuja asubuhi unaweza kumtegemea jioni. Zililetwa na nzige. Nzige wekundu huzaliana kule bondeni, Rukwa, na zamani walikuwapo marubani wa ndege ndogo waliokuwa wakiwamwagia dawa kutoka juu. Rubani wa kazi hiyo hawezi kukaa bila saa ya kupimia muda. Walipomaliza mikataba yao na kurudi makwao, baadhi yao waliziacha kwa vijana waliowafanyia kazi. Nyingine zilitoka kwa mapadri na madaktari wa misheni. Ninayo moja ya daktari, ina tarakimu nyekundu za kuhesabia mapigo ya moyo.

Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana wa nzige. Alifyeka uwanja wa ndege, akabeba madumu ya dawa, na rubani wake alipoondoka alimvulia saa mkononi akampa. Nilipoolewa naye nilimkuta nayo, na kwa kweli niliolewa na wote wawili. Alipima kila kitu. Alipima uji wa ulezi unachemka kwa muda gani. Alipima mchungaji wa mbuzi wa jirani anavyokimbia akiitwa kula. Alinipima mimi nikienda kisimani na kurudi, mpaka siku niliyomwambia kwamba akitaka kujua maji yanachukua muda gani, abebe ndoo mwenyewe. Akacheka, akarudisha mshale nyumbani.

Mgongoni mwa saa alichora alama yake kwa ncha ya msumari: mistari mitatu imesimama, mmoja umeikata kwa mshazari. Alama hiyo ilikuwa kwenye kila kitu chetu. Aliiweka kwenye magunia ya mahindi tulipoyapeleka mashineni, kwenye mipini ya majembe, na kwenye matako ya masufuria tuliyoazimisha misibani ili yarudi nyumbani. Masufuria mengine yalirudi, mengine hayakurudi.

Mtoto wetu wa kwanza, binti, alizaliwa wakati tunaishi kijijini, upande wa Namanyere. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kubeba mahindi. Ilikuwa ile miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, na maziwa ya kopo tulikuwa tunayasikia tu. Baada ya kujifungua nilishikwa na homa kali, na homa ilipopungua matiti yangu yalikuwa yamekauka. Mtoto alinyonya, akakosa, akalia, mwisho akaacha hata kulia. Kilikuwa kiangazi, ng'ombe wa majirani walikuwa wa kulimia, hawana tone. Ndipo mume wangu aliposikia kwamba kuna wafugaji wamehamia kutoka Usukumani, wamepiga kambi karibu na mto. Aliondoka asubuhi bila kuaga. Jioni alirudi anasukuma ng'ombe mwekundu na ndama wake, maana ng'ombe wetu hawa hawashushi maziwa bila ndama kuwa ubavuni. Mkono wake ulikuwa mtupu, pale ilipokuwa saa pamebaki peupe.

"Nimebadilisha," alisema. Ndiyo hotuba yote niliyopata. Nilipomsumbua sana aliongeza kwamba saa hainyonywi. Kisha akanikataza nisije nikamwambia mtoto habari hiyo hata atakapokua, kwa sababu hataki mwanawe alelewe akidhani kuna kitu anatakiwa kulipa. Nilimtii. Wafugaji wale walihama na mifugo yao kiangazi kilichofuata, na hatukusikia tena habari zao.

Mtoto akanenepa, akasoma, na sasa ana kazi ofisini Dodoma. Lakini yeye na baba yake hawakuelewana. Alipokuwa mdogo alimwogopa, alipokuwa mkubwa akamkasirikia. Mume wangu alikuwa anaingia nyumbani na vumbi la barabara, anakula kimya, analala. Alikuwa wa wale wanaume wanaopenda kwa kukaza bawaba za mlango uliolegea. Shule ya bweni nilimpeleka mimi. Siku ya harusi baba mtu alikaa viti vya nyuma kama aliyealikwa na jirani. Nilikuwa katikati yao miaka yote hiyo, nabeba salamu za huyu kwa yule, na kazi hiyo inachosha kuliko kushona.

Siku tuliyomzika, tulikuwa uani tunaosha sahani za watu. Binti yangu akaniambia bila kunitazama, "Mama, baba hakuwahi kunipa kitu kwa mkono wake. Hata kimoja."

Nikaona marehemu atanisamehe. Nikamweleza habari ya saa na ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akanishika bega. "Mama," akasema, "najua unataka nijisikie vizuri."

Neno hilo lilinichoma kuliko msiba wenyewe. Alidhani nimetunga! Mimi, ambaye sijui kutunga hata sababu ya kukwepa kikao cha jumuiya. Niliamua usiku wa matanga kwamba nitaitafuta saa ile, nimwekee mkononi aone mistari ile ambayo ameiona kwenye magunia na masufuria utoto wake wote. Hapo angeamini.

Ndivyo nilivyoanza kuwa mkusanyaji. Sikujua saa iko kwa nani. Ingeweza kuwa imeuzwa, imerithiwa, imebadilishwa na baiskeli. Kwa hiyo nilifuata kila saa ya macho matatu niliyoisikia, na kwa kuwa mtu hakuonyeshi saa yake bila kutumaini biashara, nilibadilishana nao. Mapazia kwa saa. Suti ya mtoto ya kipaimara kwa saa. Fundi wa saa, ambaye ana kimeza chake kwenye baraza la duka la vitambaa pale sokoni, alinizoea. Akiniona tu ananitania, "Mama, umeniletea mgonjwa mwingine?" Halafu anacheka kwamba wenzangu wanatazama saa usoni, mimi natazama mgongoni.

Ni yeye aliyeipiga picha saa yangu moja, uso na mgongo, picha ikasafiri kama zinavyosafiri siku hizi, na bwana mmoja akanipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alizungumza kwa adabu sana. Akaniambia ile saa ambayo uso wake umegeuka rangi ya chai ni adimu, wako watu wanaitafuta duniani kote, na kwamba hiyo rangi ya chai ndiyo uzuri wenyewe, nisije nikaiosha. Nikamwuliza anaonaje, kuna uwezekano mgongoni iliwahi kuwa na alama. Akasema hapana, mgongo wake ni safi kabisa, na hilo ndilo linaloipa hadhi. Nikaona hatutaelewana. Tukaagana vizuri.

Nimechoka, na nilichoka mapema. Saa za kutia ufunguo zikiachwa zinaganda, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa huzitoa moja moja kwenye vitambaa vyake nikazitia ufunguo, na vidole vyangu, ambavyo vimeshikilia sindano tangu ujana, vinauma mpaka jioni. Waswahili wanasema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Aliyesema hivyo hakuwahi kushuka kwenye basi katika upepo wa mwezi wa saba, na magoti kama haya yangu, akaenda kuonyeshwa saa ya plastiki iliyochorwa vitufe. Mimi nilichoka na nilikuwa sijapata. Nilikuwa nimeanza kusahau sauti ya mume wangu, nikawa nakumbuka tu sauti ya mshale.

Mwaka jana, baridi ilipoanza, fundi wa saa alinipigia. Kulikuwa na mtu amekuja kuulizia mkanda wa saa ya macho matatu. Ni mfugaji wa Kisukuma, familia yao imerudi kuishi mbele ya Namanyere, na saa ilikuwa ya baba yake ambaye amefariki majuzi. Nilimwomba anipe simu niongee naye.

"Shikamoo mama," alisema yule mtu.

"Marahaba, baba. Pole na msiba. Hiyo saa mgongoni ikoje?"

"Ina michoro michoro, mama. Mzee alikuwa anasema ni ya mwenyewe wa kwanza."

Nilikaa chini pale pale, kwenye lundo la sketi za shule. Nikamwuliza michoro gani, mistari mingapi. Hakukumbuka, saa ilikuwa nyumbani kwa mama yake. Nikamweleza kwamba nadhani mimi ndiye mjane wa huyo mwenyewe wa kwanza. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayezungumza na mkwe. Akaniomba nije baada ya arobaini, mambo ya msiba yakishatulia. "Tutakuandalia, mama," akasema. "Hutaondoka hivi hivi."

Siku zile za kungoja nilishona vibaya. Nilimwekea mtoto wa watu mfuko wa kaptula kwa nje.

Nilipanda basi la Namanyere, na kutoka hapo bodaboda ikanifikisha kwenye mji wao: nyumba za bati, zizi kubwa, ng'ombe wamesambaa mpaka kwenye mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Yule niliyeongea naye kwa simu alinipokea kwa magoti, mtu mzima mwenye mvi zake. Mama yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, bado amevaa nguo nyeusi. Tulisalimiana, nikampa pole, akanipokea mikono yangu yote miwili na kukaa nayo. Tukala ugali na maziwa mgando. Hakuna aliyetaja saa, na mimi sikuitaja. Kwa wafugaji wale, kama kwetu, mgeni haulizwi shida yake akiwa na njaa.

Kisha mwana akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Akapiga goti, akafunua.

Saa iling'aa. Iling'aa mpaka nikafumba macho. Ilikuwa na mkanda mpya mweusi, na chuma chake kilimeta kama kijiko cha harusi. Niliigeuza. Mgongo ulikuwa laini kabisa, hauna mstari, hauna nukta. Nilichokiona mle ni uso wangu mwenyewe, umepanuka, umechoka.

"Kwetu hapa, mama, kitu cha marehemu hakimfikii mtu mwingine na jasho lake," mwana alinieleza, na alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo kikamilifu. "Nguo za mzee tumezifua zote. Fimbo tumeiosha, kigoda tumekiosha. Saa ndiyo hatukujua tutaioshaje, maji si yataingia ndani? Nikaipeleka Namanyere, kuna mtu anang'arisha rimu za pikipiki kwa mashine. Nikamwambia hii inakwenda kwa mjane, usiache hata doa. Amekaa nayo kutwa."

Nilitaka kupiga yowe. Miaka yote ile, mabasi yote yale, na mtu wa rimu za pikipiki amemaliza kazi kwa siku moja! Lakini utamkasirikia nani? Mtu aliyekupigia goti? Nikasema asante. Nikasema imependeza sana. Ndivyo tulivyolelewa, na kuna siku malezi ni mzigo. Nikaanza kuhesabu moyoni nitasema nini Dodoma. Ningesema nimepata saa, haina alama, lakini niamini. Hata mimi nisingejiamini.

Yule mama alikuwa ananitazama tu.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto yupi, dada yangu?"

"Yule wa maziwa. Aliishi?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Akaachia pumzi, akaishika shingo yake kwa mkono.

"Ng'ombe yule alikuwa wangu," akasema. "Mwekundu. Nilikuwa nakamulia watoto wangu, huyu hapa akiwa mdogo. Jioni mume wangu anarudi, ana saa mkononi. Nikamwuliza, ng'ombe wangu yuko wapi? Na ndama? Akasema nimempa Mfipa mmoja dereva, mtoto wake anakufa. Nikamwambia, na hawa wako nitawakamulia saa? Nilimnunia mpaka mvua zikaja."

"Tusamehe," nilisema.

"Sikiliza kwanza. Mume wangu hakutaka saa. Alimkatalia. Mtu hatoi ng'ombe wa maziwa kiangazi. Mumeo akaondoka, akafika kwenye mti nje ya kambi, akarudi. Akapiga magoti zizini, kwenye kinyesi, na suruali yake ya kazi. Akalia. Mume wangu alisema hajawahi kuona mwanamume analia vile na msiba haupo. Ndiyo akampa. Saa aliipokea ili mwenzake asione haya." Akaigusa ile saa iliyokuwa mapajani mwangu. "Mimi kila nikiiona namwuliza mzee, yule mtoto aliishi? Anasema, mimi nitajuaje, mama nanihii. Amekufa hajui."

Hakuna aliyekuwa ameniambia habari ya magoti. Nimeishi na mtu yule, nimemfulia suruali ile ile siku iliyofuata, nikalalamika kwamba ananuka zizi. Alinitazama nikilalamika akaendelea kukaza mpini wa jembe.

Nilitoa simu, nikampigia binti yangu. Alipokea kwa kunong'ona.

"Mama, niko kwenye kikao."

"Toka."

"Mama, nitakupigia ba—"

"Toka nje, mwanangu. Kuna mtu anataka kukusalimia."

Nilisikia kiti kinasogezwa, mlango unafungwa. Nikaongeza sauti ya simu, nikampa yule mama. Aliishika mbali na uso, kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye yule mtoto?" akauliza.

"Shikamoo bibi. Mtoto gani?"

Akamwambia. Alimwambia yote kama alivyoniambia mimi: ng'ombe mwekundu, ndama, kununa, zizi, magoti, kilio. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Mwisho akamwuliza kama ana watoto, na kama watoto wake wanakunywa maziwa. Binti yangu akasema ndiyo bibi, wanakunywa. Yule mama akasema vizuri, akanirudishia simu.

Nilidhani mtandao umekatika, nikaitazama simu, dakika zilikuwa zinaendelea. Nikaita jina lake. Akavuta pumzi, kisha akasema haraka haraka, kama alivyozoea kufunga simu zake zote baba yake alipokuwa hai, wakati walipokuwa wakizungumza kupitia kwangu:

"Haya mama. Mwambie baba asante."

Nilimsikia akiyasikia maneno yake mwenyewe.

Sikumsahihisha. Nikamwambia nitamwambia.